Injini ya Mashua kwenye Barabara ya Sangailu

Ukitaka kumwona Bare Shurie akipandwa na hasira, ulihitaji kumwita nahodha tu. Watu wa Garissa walilijua hilo, na kwa kuwa vita na amri ya kutotoka nje jioni viliwaachia burudani chache, walimwita hivyo kila walipokutana naye sokoni. "Nahodha, mashua imefika wapi?" Mashua haikuwa imefika popote. Ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga wa ukingo wa Tana tangu mafuriko yale makubwa yapungue, na mbuzi wakipumzika kwenye kivuli chake.

Ilikuwa mashua ya serikali. Ililetwa mwaka wa mafuriko, barabara zilipokatika, ili ipeleke unga na dawa kwa watu waliozingirwa na maji mpaka kule Kotile. Bare ndiye aliyekuwa mtu wa injini. Msimu ule mto mzima ulimjua, na yeye aliutembelea kifua mbele. Kisha maji yakaenda zake, ofisi ikaisahau mashua, ikamsahau na Bare. Yeye hakusahau. Alishuka mtoni mara kwa mara na kopo lake la mafuta, akaifunua injini, akaizungusha kwa hendeli isije ikashika kutu, akaifunika tena kwa turubali. Alikula jasho lake kwa kutengeneza pampu za mashamba ya kando ya mto, lakini ukimuuliza anafanya kazi gani atakwambia ana injini.

Alikuwa mtu wa majivuno, tusifiche. Alivaa shati lililopigwa pasi hata akienda kulala chini ya pampu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui." Lakini majivuno yale yalikuwa na kidonda chake. Bare alizaliwa kwa wafugaji wa ng'ombe, na kwa wafugaji wale mto ni mahali pa kunywesha mifugo na kuondoka. Mwanamume anayekaa mtoni na kupaka mafuta chuma hawakujua wamweke wapi. Mamake, Saynab, aliyekuwa akichunga upande wa Sangailu, alipoulizwa mwanawe mkubwa anafanya nini, alijibu, "Yuko Garissa," kisha akaulizia habari za mvua. Jibu hilo lilimfikia Bare, na lilimuuma kuliko maneno yote ya sokoni.

Mwaka wa sitini na saba vita vilikuwa vimewachosha wote. Vijana waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia walikuwa porini na bunduki, serikali ikawaita shifta, na wafugaji waliobaki katikati wakapigwa na huku na huku. Ikatoka amri kwamba wafugaji wakusanywe vijijini, ndani ya ua wa miiba na waya, askari wakae langoni. Saynab alikuwa miongoni mwa waliofungiwa Sangailu. Visima vyao vya siku zote vilibaki nje ya ua, na yeyote aliyeonekana visimani alihesabiwa kuwa shifta na kupigwa risasi. Maji ya kijiji yaliletwa kwa lori kutoka mtoni Kotile, na lori lenyewe lilikuwa la Peterson Gitau, mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyefungua duka Garissa kabla ya uhuru.

Katikati ya jilaal, kile kiangazi kirefu ambapo hata miiba hunyauka, lori la Gitau lilishambuliwa njiani. Gitau alitoka mzima. Risasi ziliitoboa rejeta zikapasua na bloku ya injini, na lori likaburutwa hadi Garissa kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Malori mengine yalikuwa yamechukuliwa na jeshi kwenda Wajir na Mandera. Gitau aliagiza injini Nairobi, akaambiwa asubiri.

Dereva mmoja wa msafara wa unga ndiye aliyemletea Bare salamu za mamake. Maji ya kijiji yamebaki tope, Saynab alisema. Msafara ujao ukija bila maji, wanawake watatoka kwenda visimani, na yeye atatangulia, kwa sababu ni mzee na ameshazaa wote aliotaka kuzaa. Bare alimjua mamake. Hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno.

Siku hiyohiyo akaenda dukani kwa Gitau. Hawakuwa marafiki. Tangu ashambuliwe, Gitau alimtazama kila Msomali kana kwamba ndiye aliyeshika bunduki ile, na Bare hakuwa mtu wa kumbembeleza anayemtazama hivyo.

"Gitau," akasema bila kuketi, "wewe iko na gari haina injini. Mimi iko na injini haina gari."

"Wewe una injini ya samaki," Gitau akajibu, na akaendelea kunywa chai.

"Mama yangu iko Sangailu, ndani ya ile waya. Maji ikikosa, yeye atatoka kwenda kisimani, na huko askari itabiga yeye risasi. Sasa sema tena hiyo maneno ya samaki."

Gitau akaweka kikombe chini. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Ina nguvu kiasi gani?"

Ofisini hawakusumbua. Bwana mkubwa wa wilaya alisema waichukue, mradi maji yafike, na sajini wa msafara akaongeza sharti lake: lori lionekane likitembea kabla ya siku ya kuondoka, maana hawezi kusimamisha askari wake porini kwa ajili ya kisirani cha mtu. Wakaifungua injini mtoni, wakaivuta kwa punda juu ya magogo mpaka uani kwa Gitau. Watu walikuja kutazama na kutia maneno. Ilikuwa injini ya dizeli, fupi, nene, nzito kuliko sura yake, na Bare alitembea kando yake mkono juu ya kifuniko, kama anayemsindikiza bibi harusi.

Walichonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi ya lori. Walisogeza viegemeo vyake na kukata ukuta wa chumba cha dereva ili ienee. Gitau alikuwa fundi mzuri wa magari, mwepesi wa mkono, na pole pole wakaacha kununiana na kuanza kubishana, jambo ambalo ni bora zaidi. Ubishi mkubwa ulihusu joto.

"Hii haina feni, haina rejeta, na yangu ni chujio sasa," Gitau alisema. "Itapoa na nini?"

"Mtoni ilikuwa nakunywa mto. Naingiza maji baridi huku, natoa moto huku."

"Mtoni, ndiyo. Barabarani je?"

Bare alikuwa amelingoja swali hilo siku nzima. Akanyoosha kidole kwenye mapipa ya maji yaliyopangwa nyuma ya lori. "Tunabeba mto. Wacha inywe hiyo."

Gitau akayatazama mapipa, akaitazama injini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu risasi zile. Wakayaunganisha mapipa chini kwa chini kwa mabomba yenye koki. Pampu ya injini ingevuta maji kutoka pipa la mbele, iyapitishe tumboni mwake, iyarudishe ya moto kwenye pipa la nyuma, na hadi yamalize kuzunguka mapipa yote yangekuwa yamepoa kiasi. Maji yale yale yaliyobebwa kwenda kunywewa ndiyo yangeibeba safari. Bare aliipenda hesabu hiyo mpaka akawaelezea watu ambao hawakumuuliza.

Siku ya kujaribu, uwanja ulijaa. Sajini alikuja na vijana wake, wauza maziwa wakaacha maziwa, na Bare alikuwa na shati jeupe. Akaingiza hendeli, akainama, akaizungusha kwa mkono wa kushoto kwa mtindo wake aliouzoea. Injini ikanguruma, ule mngurumo wa chini wenye kukatakata ambao Garissa haikuwa imeusikia tangu mafuriko. Wazee wengine wakapiga makofi. Bare akasimama wima, akampa Gitau ishara ya mkono, na kusema kweli, kama uhai wake ungekoma pale angekufa mtu mwenye furaha.

Gitau akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaachia. Lori likaenda nyuma. Lilikwenda nyuma kwa heshima na utulivu, likavunja ua wa jirani, na kusimama ndani ya banda la kuku la Zilpah, muuguzi wa hospitali. Kuku walitoka wote salama. Gitau akadhani amekosea gia, akajaribu ya pili. Lori likazidi kwenda nyuma, kwa kasi zaidi. Akaweka gia ya kurudi nyuma, na hapo lori likaja mbele, kidogo kidogo, manyoya juu ya boneti.

Vicheko vile vilisikika ng'ambo ya mto. "Nahodha, unarudi majini?" Sajini alifuta machozi, kisha akasema lile lililomkata Bare maini: msafara unaondoka kesho asubuhi, na yeye hataongoza lori linalokwenda Sangailu kwa matako.

Bare aliingia chini ya lori akakaa huko. Watu walidhani anatafuta kosa. Hakuwa anatafuta, alikuwa anaona haya. Miaka yote ile aliizungusha hendeli kwenda kushoto, kinyume na magari yote duniani, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Baadhi ya injini za mashua hutengenezwa zizunguke kinyume. Majini haidhuru kitu, kwa sababu panga linalosukuma mashua hukatwa lielekee hukohuko. Bare aliijua kila nati ya injini ile isipokuwa jambo ambalo mkono wake ulimwambia kila siku. Zaidi ya aibu, alimwona mamake akitoka langoni na debe kichwani.

Gitau naye akaja kuingia chini ya lori, akalala chali kando yake.

"Nilikuona ukizungusha kushoto," akasema. "Nilidhani wewe ni mshoto."

Bare akamgeuzia kisogo.

"Usininunie, kosa ni letu wote wawili. Tazama hapo." Akagonga ekseli ya nyuma kwa spana. "Tukiifungua hii na kuipindua, tumbo likae juu, magurudumu yatazunguka upande wa pili. Injini izunguke inavyotaka. Sisi tutakwenda mbele."

Bare akaitazama ekseli kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo mji haukuwahi kulisikia kinywani mwake. "Mimi sikujua."

"Hata mimi nimelifikiria sasa hivi, nikiwa kwenye banda la kuku," Gitau akasema.

Wakapiga moyo konde. Waliifungua ekseli wakaipindua, wakaziba tundu lake la kupumulia ambalo sasa lilielekea chini, wakatoboa jingine juu, na Zilpah mwenyewe, aliyekuja kudai banda lake, akaishia kuwashikia taa ya mkono huku akiwasema. Kabla ya saa ya amri kugonga, lori likazunguka uwanja mara moja, mbele. Sajini alilitazama akiwa amekunja mikono. "Kesho mtakaa nyuma kabisa," akasema, "na mkizima, hatusimami." Bare alilitafsiri hilo kuwa pongezi.

Njiani Gitau alishika usukani, na Bare akakaa nyuma katikati ya mapipa, mkono mmoja juu ya chuma kusikiliza joto. Injini ya mashua haina papara. Ilivuta kwa nguvu mchangani ambako malori mengine yaliteleza, lakini kasi yake ilikuwa ya mtu anayekwenda msikitini akiwa na muda wa kutosha. Walifika Kotile wakati wenzao wamekwisha kupumzika. Hapo wakajaza mapipa, na watu wa kando ya mto walioijua sauti ile walikuja mbio kutazama mashua, wakakuta lori. Bare aliwapungia mkono wote, na ule mtazamo wa nyuso zao aliuweka moyoni.

Kutoka Kotile kwenda Sangailu barabara ilikuwa ya hofu. Walipita mahali ambapo lori lilipigwa risasi, na vioo vilikuwa bado vinang'aa mchangani. Gitau hakugeuza kichwa. Bare alipiga bati la chumba cha dereva kwa kiganja mara mbili, kumjulisha kwamba bado yupo, naye Gitau akapiga honi kidogo kumjibu. Jua lilipopanda, mapipa yakaanza kufuka mvuke. Bare akafungua vifuniko, akayafunika mapipa kwa magunia yaliyoloweshwa, akawa anahama kutoka pipa hadi pipa. Maji yalipata moto lakini hayakuchemka. Injini haikukohoa hata mara moja.

Sangailu waliwaona kutoka mbali. Lori lilipoingia langoni, wanawake walikuwa wamekwisha kupanga foleni na madebe, na msimamizi wao alikuwa Rukiyo, mama mwenye sauti ambayo hata askari waliitii. Rukiyo akakinga maji ya kwanza mkononi, akashtuka.

"Haya yamepikiwa nini?" akauliza.

"Yamepita tumboni mwa injini," Bare akasema kwa Kisomali, na baada ya siku nyingi za Kiswahili chake cha kupindapinda ulimi wake ukapumzika. "Mafuta hayakuyagusa. Nitakunywa kwanza." Akanywa kikombe kizima kikiwa moto, uso mkavu, ingawa kilimchoma koo.

Rukiyo akaonja, akatema, akaonja tena. "Yana ladha ya chuma," akaamua. "Jana tumekunywa yenye ladha ya chura. Leteni madebe."

Sasa, kuna jambo ambalo watu wale hawalitangazi kwa sababu kila mtu amelelewa nalo. Anayechota maji kwa ajili ya wengine, watu wa nyumba yake hunywa mwisho. Kisimani ndivyo, na kwenye bomba la lori la Mkikuyu ikawa ndivyo. Hakuna aliyemwambia Saynab asimame wapi. Alichukua debe lake akaenda kusimama mwisho wa foleni, mrefu, mwembamba, shuka yake imefungwa vizuri, naye hakumpungia mwanawe mkono.

Bare na Gitau walikuwa wameafikiana tangu Kotile kwamba mapipa mawili yasiguswe. Bila maji injini ingekaanga vyuma vyake kabla haijafika mtoni, na baada ya hapo kusingekuwa na lori tena. Lakini kijiji kilikuwa kimeongezwa watu wa vijiji vingine, na foleni ilikuwa ndefu kuliko walivyodhani. Pipa moja kati ya yale mawili likafunguliwa. Kisha wakaligusa na la mwisho, kopo kwa kopo, Bare akichungulia ndani kila mara, mpaka maji yakabaki kiganja kimoja juu ya mdomo wa bomba la kuvutia. Chini ya hapo pampu ingevuta hewa. Akainua macho. Foleni ilikuwa imekwisha, amebaki mtu mmoja.

Gitau alimwona na akaelewa. "Bwana Bare, ni mama yako," akasema polepole. "Mpe. Tutaenda hivyohivyo, Mungu atasaidia."

Bare aliitamani ruhusa ile kwa mwili wake wote. Lakini aliijua injini. Akafunga koki, akashuka, akasimama mbele ya mamake mikono mitupu.

"Yamekwisha?" Saynab akauliza.

"Hayajakwisha, hooyo. Yaliyobaki ni ya injini. Bila hayo haifiki mtoni, na isipofika mtoni haiwezi kurudi hapa."

"Nayo itarudi?"

"Itarudi na msafara ujao, na ule wa baadaye. Nitakuwa nayo."

Saynab akazunguka hadi mbele ya lori. Aliutazama mdomo wa boneti, akausikiliza ule mlio wa chuma kinachopoa, akaweka kiganja juu yake na kukiondoa haraka. Wanawake walikuwa wakimtazama. "Hii ndiyo kazi yake," akawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka langoni. "Mwanangu ana injini. Ameileta kutoka mtoni." Kisha akaligeuza debe lake mdomo chini, akaliweka kichwani hivyo, akaanza kutembea kurudi kupitia katikati ya kijiji, taratibu, ili kila mtu aone kwamba halina kitu. Hapakuwa na atakayesema Bare alinywesha nyumba yake kwanza. Alipofika kwenye mlango wa Rukiyo, Rukiyo alimshusha debe lile kichwani bila kuuliza, akaligeuza, akamimina humo sehemu ya maji yake, na jirani yake akafanya vivyo hivyo.

Bare akawasha injini, akapanda nyuma kwenye mapipa yake. Alikuwa akilia, na hakujali kwamba Gitau anamwona kwenye kioo. Langoni sajini alikuwa akikagua malori kabla ya kuondoka. Akachungulia nyuma.

"Wote wamepata maji?"

"Wote wamebata," Bare akasema, akijinyoosha shati lililolowa. "Isibokuwa mama yangu."

Sajini alimtazama, akalitazama lori, kisha akawaambia vijana wake walitoe lori la maji lipite mbele, liongoze msafara kwa mwendo wake.